Seji ni Nyingi: Ujue Ukoo wa Mmea Kabla ya Kuupanda

Wakulima wa Kiganjo na maeneo jirani wanashauriwa kuutambua mmea kwa jina lake kamili kabla ya kununua mbegu au miche. Ushauri huu unahusu hasa mimea inayouzwa kwa jina la seji au salvia, ambayo hupatikana kwenye vitalu vya kando ya barabara, kwenye maduka ya mbegu na kwa wauzaji wa mtandaoni.

Jina hilo moja hubeba aina karibu 1,000 za mimea. Kuna seji ya jikoni inayotiwa kwenye nyama, chia inayoliwa mbegu, na danshen ya Uchina ambayo mizizi yake hufanywa dawa. Nyingine ni maua ya bustani tu, na nyingine ni mimea ya porini ambayo ng'ombe huipita kila siku malishoni bila mwenye ng'ombe kujua inaitwaje. Mmoja hutaka jua kali na udongo mkavu, mwingine hutaka unyevu na kivuli kidogo. Mmoja huvunwa baada ya miezi minne, mwingine hukaa ardhini zaidi ya mwaka kabla ya kuleta chochote.

Mkulima anayenunua mche kwa kuambiwa tu kwamba "hii ni seji" hajui amenunua upi kati ya hiyo yote. Atajua msimu ukiisha, na wakati huo pesa, mbolea na kibarua vitakuwa vimekwisha kutumika. Makala haya yanaeleza jinsi seji zinavyogawanywa kwa makundi, kundi la Asia likiwa mojawapo, na jinsi mgawanyo huo unavyoweza kumwongoza mkulima wa nyanda za juu.

Seji hutambulikaje

Seji zote ziko katika jenasi iitwayo Salvia. Jina hilo lilitumiwa na Warumi wa kale na linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuponya au kuwa na afya. Mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, Carl Linnaeus, aliliingiza katika utaratibu wa kisayansi mwaka wa 1753, na tangu hapo kila aina ya seji hupewa majina mawili: la kwanza ni Salvia, la pili ni la aina yenyewe. Seji ya jikoni ni Salvia officinalis. Chia ni Salvia hispanica. Danshen ni Salvia miltiorrhiza.

Jenasi hii iko katika familia ya mnanaa, pamoja na rehani, kivumbasi na mnanaa wenyewe. Mtu yeyote anaweza kuitambua familia hiyo kwa vidole. Shina changa huwa na pembe nne, na ukilizungusha kati ya vidole utazihisi. Majani hutoka mawili mawili yakitazamana, na jozi inayofuata hukaa kwa kukata jozi ya chini yake. Ukilisugua jani, mara nyingi hutoa harufu. Ua lina midomo miwili, wa juu na wa chini, na ndani yake baadaye hukaa punje nne.

Kinachoitenga seji na ndugu zake wa familia hiyo ni stameni, yaani vijiti vinavyobeba chavua. Mimea mingi ya familia ya mnanaa ina stameni nne katika kila ua. Seji ina mbili tu zinazofanya kazi. Katika aina nyingi, stameni hizo zimeumbwa kama wenzo. Nyuki anapoingiza kichwa kutafuta asali ya ua, husukuma sehemu ya chini ya wenzo, na sehemu ya juu huinama na kumpaka chavua mgongoni. Akienda kwenye ua jingine, chavua hiyo husuguliwa pale inapotakiwa. Mwanafunzi anaweza kuliona hili kwa kuingiza kijiti chembamba cha nyasi kwenye ua lililofunguka na kusukuma taratibu.

Kwa mfugaji wa nyuki, jambo hili lina faida. Seji zenye maua ya buluu na zambarau, ambazo ni nyingi katika kundi la Asia na la Afrika, hutegemea nyuki. Zile nyekundu zenye ua refu kama bomba, nyingi zikiwa zimetoka bara la Amerika, zimeumbwa kwa ajili ya ndege. Ndiyo maana chozi huonekana wakizizunguka bustanini.

Zinazoitwa seji lakini si seji

Mimea kadhaa imepewa jina la seji kwa sababu ya harufu au rangi ya majani tu. Leleshwa, kichaka chenye majani ya kijivu kinachojulikana sana Laikipia na Bonde la Ufa, huitwa na wengi seji ya mwitu. Lakini leleshwa ni wa familia ya alizeti. Shina lake halina pembe nne, majani yake hayatoki mawili mawili, na maelezo ya kilimo cha seji hayaufai.

Lantana ni mfano wa hatari zaidi. Majani yake hutazamana, shina lake changa lina pembe na jani lake hunuka likisuguliwa, hivyo ni rahisi kumdanganya mtu. Ila maua yake ni madogo, yamejikusanya kama shada la mviringo, mara nyingi yakiwa na rangi mbili au tatu kwa pamoja, na baada ya maua hutoa matunda madogo ya mviringo ambayo huiva yakawa meusi. Seji haizai matunda ya namna hiyo. Lantana huwadhuru ng'ombe, mbuzi na kondoo wanaoila, na huenea haraka malishoni. Isipandwe kamwe kwa kudhaniwa kuwa seji.

Kosa la tatu hutokea dukani, kati ya mbegu za chia na mbegu za rehani. Zote mbili zikitiwa majini huvimba na kujizungushia utando kama ute, kwa hiyo jaribio la maji peke yake halitoshi. Tazama mbegu ikiwa kavu. Mbegu ya chia inang'aa kidogo na ina madoadoa ya kijivu, kahawia na nyeupe kama yai la ndege. Mbegu ya rehani ni nyeusi tupu isiyo na mng'aro. Ndani ya maji, ya rehani huvimba kwa dakika chache tu, ilhali ya chia huchukua muda zaidi.

Jamii moja, makao manne

Wataalamu huzigawanya seji kwa kufuata nasaba na makao yao ya asili. Kundi kubwa kuliko yote liko bara la Amerika, kuanzia Mexico hadi Amerika Kusini, na lina zaidi ya nusu ya aina zote. Chia imetoka huko. La pili linazunguka Bahari ya Mediterania na kufika Asia ya Kati, na ndiko ilikotoka seji ya jikoni. La tatu liko Asia ya Mashariki, kuanzia milima ya Himalaya hadi Uchina na Japani, lenye aina karibu 100. La nne ni la Afrika, lenye aina chache zaidi, nyingi zikiwa kusini mwa bara.

Kwa miaka mingi mgawanyo huu ulifanywa kwa kutazama maua na majani. Siku hizi hupimwa pia kwa vinasaba, na vipimo hivyo vimebadilisha majina ambayo watu waliyazoea. Mwaka wa 2017 kundi la wataalamu lilipendekeza kwamba mimea kadhaa iliyokuwa na jenasi yake yenyewe irudishwe ndani ya Salvia, kwa kuwa vinasaba vilionyesha imezaliwa katikati ya ukoo huo. Mmoja wao ni rozmari, ambayo sasa huandikwa Salvia rosmarinus. Mwingine ni seji ya Urusi, ambayo sasa huandikwa Salvia yangii.

Mkulima akiona majina mawili tofauti kwenye pakiti mbili za rozmari, asidhani ametapeliwa. Rosmarinus officinalis na Salvia rosmarinus ni mmea uleule, la kwanza likiwa jina la zamani na la pili jipya. Lakini akiona pakiti imeandikwa "salvia" peke yake bila jina la pili, hapo ana haki ya kuuliza.

Makao ya asili ya mmea humweleza mkulima jinsi ya kuutunza. Aina za Mediterania zilizoea kiangazi kirefu na udongo wenye chokaa usiotuamisha maji. Aina za milima ya Asia zilizoea mvua ya kiangazi, udongo wenye rutuba na baridi kali wakati wa mapumziko. Chia ilizoea nchi za joto zenye mvua za msimu na haivumilii jalidi. Mkulima anayejua mmea wake umetoka wapi amekwisha kujua nusu ya mahitaji yake.

Seji zetu, kutoka Mlima Kenya hadi Yemen

Nyanda za juu za Kenya zina seji zake za asili, na mbili kati yake hukua katika milima ya eneo letu. Salvia nilotica huota kwenye nyasi, kando ya njia na pembezoni mwa misitu, kuanzia Ethiopia hadi Zimbabwe. Ni mmea wa kimo cha chini kiasi, wenye majani yaliyokatika kingo na maua madogo ya zambarau, waridi au meupe. Watu wengi huung'oa kama magugu.

Wa pili ni Salvia merjamie, wenye maua ya buluu inayoelekea zambarau na majani yaliyojikusanya karibu na ardhi. Hukua kwenye nyasi za milimani nchini Ethiopia, Kenya na Tanzania, na pia ng'ambo ya Bahari ya Shamu, nchini Yemen. Aliyeuandika kwanza kisayansi ni Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus aliyezaliwa Helsinki, ambaye alisafiri hadi Uarabuni na msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark. Forsskål alifia Yemen mwaka wa 1763 akiwa na umri wa miaka 31. Maandishi yake yalichapishwa mwaka wa 1775 na mwenzake wa safari, Carsten Niebuhr. Neno "merjamie" alilipata kwa wenyeji, na linafanana na maryamiya, jina ambalo Waarabu hadi leo huliita seji.

Mmea wa Mlima Kenya, basi, umebeba jina la Kiarabu kwa sababu ukoo wake umevuka bahari, na mipaka ya mabara haikuuzuia. Kwa mkulima, maana yake ni kwamba seji si ngeni katika hali ya hewa ya milima yetu. Ziko ambazo zimeishi hapa tangu zamani bila kunyunyiziwa dawa wala kumwagiliwa maji.

Hata hivyo, hairuhusiwi kuingia msituni kung'oa mimea ya porini bila kibali. Msitu wa Mlima Kenya unalindwa kisheria, na mlima wenyewe umo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia tangu mwaka wa 1997. Anayetaka kujaribu aina hizi na akusanye mbegu chache kutoka kwa mimea iliyoota kwenye shamba lake mwenyewe.

Kundi la Asia

Aina inayojulikana zaidi katika kundi hili ni danshen. Jina hilo la Kichina linatokana na rangi nyekundu ya mzizi wake. Ni mmea unaodumu miaka kadhaa, wenye kimo cha kati ya sentimita 30 na 80. Jani lake si moja zima kama la seji ya jikoni. Limegawanyika kuwa vijani vitatu, vitano au zaidi kwenye kikonyo kimoja. Maua yake ni ya buluu ya zambarau na hupangana kwenye mshale mrefu. Tofauti hiyo ya jani ndiyo kipimo cha kwanza kwa mnunuzi: mche unaouzwa kama danshen ukiwa na jani zima lisilogawanyika, uache.

Danshen hulimwa kwa ajili ya mizizi, kwa hiyo udongo ndio huamua mavuno. Hutaka udongo wa kina, uliolainishwa angalau sentimita 30 kwenda chini, usio na mawe na usiotuamisha maji. Katika udongo mgumu mizizi hugawanyika na kupinda, na kuichimba bila kuikata huwa kazi kubwa. Hupandwa kwa mbegu au kwa vipande vya mzizi vya urefu wa sentimita tano hivi. Kipande kilazwe au kisimamishwe kama kilivyokuwa kwenye mmea, upande wa juu ukibaki juu, na kifukiwe kidogo. Mizizi huvunwa baada ya mwaka mmoja au zaidi.

Wapo pia jamaa wa milimani. Salvia hians hutoka Himalaya upande wa Kashmir na ina maua makubwa ya buluu. Salvia nubicola, pia ya Himalaya, ina maua ya manjano, rangi ambayo si ya kawaida kwa seji. Salvia przewalskii na Salvia digitaloides hutoka milima ya magharibi mwa Uchina. Hizi hupandwa zaidi kama maua. Zimezoea majira ya baridi ambapo mmea hulala ardhini kwa miezi kadhaa. Kiganjo iko chini ya nusu digrii kutoka ikweta na haina majira ya namna hiyo. Baridi yake huja usiku na kuondoka mchana. Kwa sababu hiyo mbegu za aina hizo zinaweza kukataa kuota. Wakulima wa bustani huzichanganya na mchanga wenye unyevu na kuziweka kwenye friji kwa wiki chache kabla ya kusia, ili mbegu ipate baridi iliyoizoea.

Seji ya Urusi nayo ni ya Asia, na jina lake hupotosha. Makao yake ni Afghanistan, Pakistan, Iran na Tibet, nchi za ukame na mawe. Ina majani ya kijivu na maua mengi mepesi ya buluu. Ikipandwa kwenye udongo mzito unaolowa wakati wa mvua ndefu, mizizi huoza. Ikipandwa kwenye mteremko mkavu wenye changarawe, huvumilia kiangazi vizuri. Kwa shamba la upande wa Naro Moru, ambako mvua hupungua, hii inafaa kuliko danshen.

Kupanda seji Kiganjo

Kwanza, pima udongo. Seji nyingi hupenda udongo wenye pH ya kati ya 6 na 7.5. Udongo mwekundu wa volkano wa mteremko wa mlima, hasa uliotiwa mbolea ya DAP kwa miaka mingi, mara nyingi huwa na asidi zaidi ya hapo. Chokaa ya kilimo hurekebisha, lakini itiwe kwa kiasi kinachoonyeshwa na kipimo, na wiki kadhaa kabla ya kupanda.

Pili, andaa tuta. Tuta la upana wa mita moja lililoinuliwa sentimita 15 hadi 20 huzuia maji kusimama kwenye mizizi. Changanya mboji au samadi iliyooza kabisa. Usizidishe. Seji iliyolishwa samadi nyingi hutoa majani mengi laini yenye harufu hafifu, na wadudu huyapenda.

Tatu, sia kwenye kitalu. Mbegu ni ndogo, kwa hiyo zichanganywe na mchanga mkavu ili zisianguke mahali pamoja, kisha zifunikwe kwa udongo usiozidi nusu sentimita. Chia huota ndani ya wiki moja hivi. Seji ya jikoni huchukua wiki mbili hadi tatu. Miche ihamishwe ikiwa na majani halisi manne hadi sita, wakati wa jioni au siku ya mawingu.

Seji ya jikoni na rozmari hufanya vizuri zaidi kwa vipandikizi kuliko kwa mbegu. Kata kijitawi kisicho na ua cha urefu wa sentimita 10, ondoa majani ya nusu ya chini, kichomeke kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji, kisha ukiweke kivulini. Mizizi hutoka baada ya wiki nne hadi sita. Faida ya kipandikizi ni kwamba mche mpya hufanana kabisa na mama yake, hivyo aliye na mmea mmoja anaoujua vizuri hana haja ya kununua mingine asiyoijua.

Nne, zingatia nafasi. Seji ya jikoni ipewe sentimita 45 kila upande. Rozmari ipewe 60 hadi 90. Danshen hukaribiana, sentimita 20 hadi 30. Chia hupandwa kwa mistari yenye nafasi ya sentimita 50 hadi 75.

Tano, chagua msimu. Chia huchanua siku zinapokuwa fupi, na hapa ikweta mchana ni wa saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo huchanua bila kungoja mwezi maalumu. Jambo la kupanga ni mavuno. Chia iliyopandwa na mvua ya njahi, mwezi wa Machi, huiva kwenye baridi na manyunyu ya Julai na Agosti, na mbegu inaweza kushika ukungu ikiwa bado shambani. Iliyopandwa na mvua ya mwere, mwezi wa Oktoba, huiva kwenye jua la Januari na Februari. Tahadhari moja: usiku wa Januari wenye anga safi huweza kuleta jalidi katika mabonde na sehemu za chini upande wa Kieni. Shamba la namna hiyo lisiwekwe chia.

Sita, mwagilia kwa kiasi. Mche mchanga unahitaji maji hadi ushike. Baada ya hapo, mwagilia udongo ukiwa umekauka kwa kina cha kidole kimoja. Maji yaelekezwe kwenye shina, asubuhi, wala yasimwagwe juu ya majani. Seji nyingi hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu.

Saba, pogoa. Baada ya maua kuisha, punguza theluthi moja ya mmea. Kwa seji ya jikoni na rozmari, usikate hadi kwenye mti mkavu wa zamani usio na majani, kwa sababu huenda usichipuke tena.

Wadudu wa kuangalia ni vidukari, inzi weupe na utitiri mwekundu, ambaye huongezeka wakati wa kiangazi. Ugonjwa wa kawaida ni ukungu mweupe kama unga juu ya majani, unaotokana na mimea kusongamana. Kwa danshen, adui mkubwa ni minyoo fundo ya mizizini. Isipandwe mahali palipotoka nyanya au viazi.

Majani huvunwa asubuhi umande ukishakauka na hukaushwa kivulini penye hewa, kwa kuwa jua kali hupoteza mafuta yanayotoa harufu. Chia huvunwa vichwa vingi vya maua vikishageuka kahawia, kwa kawaida baada ya miezi minne hivi. Hukatwa, hukaushwa juu ya turubai, hupigwa na kupepetwa.

Tahadhari ya afya

Mmea kuwa wa asili hakuufanyi kuwa salama kwa kila mtu. Danshen huongeza nguvu ya warfarin, dawa inayotolewa hospitalini kuzuia damu kuganda. Mgonjwa anayetumia warfarin akinywa danshen anaweza kutokwa na damu kwa namna ya hatari. Dawa za mitishamba za Kichina huuzwa pia humu nchini, na danshen huwa sehemu ya michanganyiko mingi. Mgonjwa wa moyo na amweleze daktari au mfamasia kila kitu anachokunywa, hata kama ni chai tu.

Seji ya jikoni ikitumiwa kama kiungo cha chakula haina shida. Mafuta yake yaliyokamuliwa ndiyo yenye hatari, kwa kuwa yana kemikali ya thujone inayoweza kuleta degedege. Mama mjamzito na mtu mwenye kifafa wasiyanywe.

Mbegu za chia zilowekwe kabla ya kuliwa. Zikimezwa kavu kisha mtu akanywa maji, zinaweza kuvimba na kukwama kooni.

Mbegu, sheria na soko

Mbegu au miche kutoka nje ya nchi haiingizwi bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea. Kibali huombwa kabla ya mzigo kusafirishwa, na mzigo huja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi ulikotoka. Sheria hii inahusu hata pakiti ndogo iliyotumwa kwa posta au iliyobebwa kwenye begi la msafiri. Mdudu mmoja au ugonjwa mmoja unaoingia na mbegu unaweza kufika kwenye kahawa, viazi na nyanya za jirani ambaye hajawahi hata kusikia jina la seji.

Kuhusu soko, wengi wanakumbuka biashara ya mayai ya kware iliyovuma nchini karibu mwaka wa 2013. Waliofaidika ni waliowahi kuuza vifaranga. Waliochelewa walibaki na ndege wasio na mnunuzi. Mmea mgeni unaweza kufuata njia hiyo hiyo. Anayeuza miche kwa bei ya juu na kuahidi kununua mavuno aombwe mkataba ulioandikwa, unaotaja bei, kiasi, ubora na tarehe ya kuchukua. Asiye tayari kuandika, asiaminiwe kwa maneno. Na aliye na robo ekari asiigeuze yote kuwa seji msimu wa kwanza. Tuta mbili au tatu zinatosha kumfundisha kama udongo wake unakubali.

Kabla ya kununua, jiulize

1. Je, pakiti au lebo ina majina mawili, Salvia na jina la aina?
2. Je, shina lina pembe nne, majani yanatazamana, na ua lina stameni mbili?
3. Je, makao ya asili ya mmea huu ni Amerika, Mediterania, Asia au Afrika, na shamba lako linafanana na makao hayo kwa maji, udongo na baridi?
4. Je, utavuna nini, jani, mbegu, mzizi au ua, na baada ya muda gani?
5. Je, mnunuzi ni nani, na ameandika?
6. Ikiwa ni dawa, ni nani haruhusiwi kuitumia?

Mkulima akikosa jibu la swali lolote kati ya haya, asinunue bado. Na apeleke tawi lenye ua na jani kwa afisa wa kilimo wa wadi yake, au kwa Kituo cha Mafunzo ya Kilimo cha Wambugu mjini Nyeri. Tawi lisilo na ua ni vigumu kulitambua, kwa hiyo angoje lichanue. Mmea ukiwashinda maafisa hao, sampuli iliyokaushwa kati ya magazeti inaweza kupelekwa kwenye hifadhi ya mimea ya Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, ambako vielelezo vya mimea ya Afrika Mashariki huhifadhiwa na kulinganishwa.